Katoka upele, au katoka vipele?

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kwenye foleni ya kliniki ya watoto: "Homa imeisha, sasa katoka upele." Bibi aliyekaa pembeni akashauri mtoto apakwe dawa ya upele, ile nyeupe ya majimaji, tangu shingoni hadi nyayoni. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala fofofo mgongoni kwa mama yake, hajikuni hata mara moja.

Upele ni ugonjwa mmoja, unaoletwa na kijidudu cha jamii ya utitiri kinachochimba ngozi na kutaga humo. Vipele ni alama tu, viwe vya ugonjwa wowote. Maana ndiyo hiyo.

Neno lenyewe ni la Kibantu, tena la zamani. Wachewa wana mphere, Wakikuyu wana ũhere, na kote huko ni ugonjwa uleule wa kujikuna. Methali nayo inalitumia hivyohivyo: Mungu humpa upele asiye na kucha. Ondoa muwasho, methali yote imekufa. Kipele ni mtoto wa shina hilohilo kwa ki- ya udogo, lakini kilishahama nyumbani zamani: kinataja umbo, hakitaji ugonjwa. Najua wengi siku hizi husema upele kwa chochote kinachochomoza kwenye ngozi, hata vipeperushi vya afya huandika hivyo. Lugha hutanuka, sikatai. Ila dawa ya dukani haitanuki nayo.

Jirani yao ni harara, na hapa mkanganyiko unanoga. Ni neno la Kiarabu, maana yake joto. Ndiyo maana mtu mwepesi wa hasira huambiwa ana harara, na vipele vya jasho shingoni mwa mtoto huitwa harara vilevile. Harara basi inatokana na joto la hewa na jasho lililoziba. Wanaoita harara kila kinachofuata homa wamechanganya joto na joto.

Tukirudi kwa mtoto wa foleni: upele hauanzi na homa. Unaanza na kujikuna, hasa usiku, na kwa aliyeupata mara ya kwanza muwasho waweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Mara nyingi dada na mama nao wanajikuna. Vipele vya homa vina saa zao. Vya surua, ambayo Kenya huitwa pia ukambi, hutoka homa ikiwa bado juu, vikianzia nyuma ya masikio na usoni, na mtoto ana kikohozi na macho mekundu. Vya tetekuwanga hujaa maji na kuwasha kwelikweli, vipya vikichanganyika na vilivyokwisha kufanya magaga. (Mwenye tetekuwanga asipewe aspirini.) Halafu kuna rozeola, ambayo wengi hawajawahi kuisikia jina: mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 anachemka siku 3 hadi 5, homa inashuka ghafla, na hapo ndipo vipele vya waridi vinapotapakaa kifuani na mgongoni. Kwa kawaida haviwashi, na baada ya siku moja mbili havipo. Na kama alikuwa anakunywa dawa ya homa au antibiotiki, hiyo nayo itajwe, maana yaweza kuwa ndiyo iliyomtoa vipele. Vile visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi, na mtoto ana homa, ni vya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo.

Kwa hiyo, mama, ukifika mbele ya nesi sema "ana vipele", kisha umwambie vilitoka siku gani, vilianzia wapi, na kama homa ilikuwa bado ipo au imeshashuka. Na bibi, shikamoo, ile dawa nyeupe tuiweke kabatini kwanza.