Msimu wa kwanza wa Blackadder: yanayosemwa na ukweli wake

Mwambie mpenzi wa vichekesho vya Uingereza kwamba unataka kuanza kutazama Blackadder, kipindi cha televisheni ambacho kila msimu wake uko katika enzi nyingine ya historia, naye atakupa ushauri uleule: ruka msimu wa kwanza, anzia wa pili. Sehemu sita zilizorushwa na BBC1 kuanzia tarehe 15 Juni hadi 20 Julai 1983, kwa jina la The Black Adder, zimekuwa kama mtoto wa kwanza asiyetajwa kwenye kikao cha ukoo. Nakubali kwamba msimu ule una milima na mabonde. Kuna sehemu inayokuvunja mbavu, na inayofuata inakuacha ukingoja kicheko kisichofika. Ila sababu zinazotolewa nyingi si za kweli, na sababu yenyewe haisemwi.

"Baldrick alikuwa mjinga tangu mwanzo"

Hapana. Mwaka 1983 mjinga ni bwana, mtumishi ndiye mwenye akili. Rowan Atkinson anamcheza Edmund, mwana wa pili wa mfalme, mwoga, sauti ya kulialia, nywele zimekatwa kama bakuli lililofunikwa kichwani. Baba yake hata jina lake halishiki vizuri. Pembeni yake kuna Baldrick, anayechezwa na Tony Robinson, mtu mfupi, mtulivu, anayeona mbali. Katika sehemu ya kwanza Edmund anaamua kujipa jina la kutisha maadui. Anafikiri, kisha anatangaza kwa majivuno kwamba ataitwa Mboga Nyeusi. Baldrick ndiye anayemwambia kwa upole kwamba huenda jina la nyoka, Black Adder, lingefaa zaidi. Kwa hiyo hata jina la kipindi chenyewe, ndani ya hadithi, ni wazo la mtumishi.

Ule msemo maarufu wa Baldrick, kwamba ana mpango wa kijanja, ulianza kama kauli ya kweli. Mipango yake ya mwanzo ilikuwa ya kijanja hasa. Mtu aliyemzoea Baldrick wa miaka ya baadaye, ambaye akili yake haimvushi hata mtaro, anapokutana na huyu wa kwanza hudhani waandishi walikosea. Walichofanya baadaye ni kuwabadilishia akili bwana na mtumishi.

"Edmund mwerevu alibuniwa mwaka 1986, kwenye msimu wa pili"

Hili ndilo linalonishangaza zaidi kila ninapolifikiria. Mwaka 1982 ilirekodiwa sehemu moja ya majaribio ambayo haikurushwa hewani wakati ule. Baldrick alichezwa na mtu mwingine, Philip Fox, na mavazi yalikuwa ya karibu karne moja mbele ya msimu ule, ambao hadithi yake inaanza 1485, yaani enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Na Edmund? Mjanja, mwenye ulimi mkali, ndevu zimechongwa, anayewadharau wote waliomzunguka. Yaani yule yule ambaye dunia ilikuja kumpenda. Watazamaji wa Uingereza walisubiri hadi Juni 2023 kuiona yote kwenye televisheni, kupitia kituo cha Gold.

Maana yake ni kwamba Atkinson na mwandishi mwenzake Richard Curtis walikuwa wameshika dhahabu mkononi, wakaiweka chini, wakarudi kuiokota miaka minne baadaye. Hapa ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya msimu wa kwanza. Kichekesho cha aina hii kinahitaji mtu mmoja anayeona upumbavu wa wenzake na kuusema. Edmund anapokuwa mpumbavu kuliko wote, mzigo huo unamwangukia Baldrick, ambaye hana cheo cha kujibu mfalme. Ndiyo maana maneno mengi mazuri yanapita bila mtu wa kuyapokea.

"Fedha zilikuwa kidogo"

Kinyume kabisa. Sehemu zile sita ziligharimu kama pauni milioni moja, fedha nyingi sana kwa kichekesho cha wakati ule. Walipiga picha Februari 1983 katika ngome ya Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, kwenye theluji, na farasi, mavazi ya gharama na umati wa waigizaji wa ziada. Mandhari inapendeza mno. Lakini tazama vizuri: mtu anasema neno la kuchekesha huku akiwa nukta ndogo katikati ya uwanja mweupe. Uso wa Atkinson, ambao ungeweza kuchekesha peke yake bila neno, uko mbali na kamera. Tena sehemu hizo hazikurekodiwa mbele ya hadhira. Watu walionyeshwa kazi ikiwa tayari na vicheko vyao ndivyo vikarekodiwa. Mwigizaji wa vichekesho husubiri kicheko kama mwimbaji wa taarabu anavyosubiri kutunzwa. Asipokisikia, hajui aendelee lini.

Gharama hizo zilifanya wakubwa wa BBC wasite kuagiza msimu wa pili. Ulipokubaliwa ilibidi ubane matumizi, ukaingia studio, kwenye vyumba vichache, mbele ya hadhira. Ufinyu huo ukausaidia.

"Historia yake ni upuuzi mtupu"

Hapa ndipo ningependa watu wapunguze mwendo.

Hadithi inaanza kwenye vita vya Bosworth, tarehe 22 Agosti 1485. Kihistoria Richard wa Tatu aliuawa siku hiyo na Henry Tudor akatwaa taji. Ndani ya kipindi, Richard wa Tatu, anayechezwa na Peter Cook, ni mjomba mwema, anashinda vita, kisha Edmund aliyechelewa kuamka anamkata kichwa kwa makosa akidhani ni mwizi wa farasi wake. Mpwa wa marehemu anakuwa Richard wa Nne, na Brian Blessed anamcheza kwa sauti ya kutikisa kuta. Henry Tudor anakuja kufuta utawala huo wote kwenye vitabu.

Ni uzushi, lakini umeshonwa kwa uzi wa kweli. Huyo mpwa alikuwepo. Alikuwa mtoto, mmoja wa wana wawili wa mfalme Edward wa Nne, ndugu yake Richard wa Tatu, waliofungiwa katika mnara wa London mwaka 1483 na hawakuonekana tena. Baadaye akatokea kijana Perkin Warbeck akidai kuwa ndiye, na kujiita Richard wa Nne, hadi aliponyongwa mwaka 1499. Na Henry Tudor kweli alichezea tarehe: alihesabu utawala wake kuanzia Agosti 21, siku moja kabla ya vita, ili waliompigania Richard wawe wahaini. Mtu aliyeweza kusogeza siku moja, waandishi wamempa afute miaka kumi na mitatu.

Kibyongo cha Richard wa Tatu kwa muda mrefu kilijulikana zaidi kupitia Shakespeare, ambaye kipindi hiki kinamtaja kwenye orodha ya waandishi kuwa ndiye aliyeongeza maneno. Mifupa ya mfalme huyo ilipofukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012, ilionyesha uti wa mgongo uliopinda upande, bega moja juu ya jingine. Kibyongo hakikuwepo. Na rafiki mjinga wa Edmund, Percy, anayechezwa na Tim McInnerny, amepewa jina la ukoo unaomiliki ngome ileile ya Alnwick tangu 1309. Mkuu wa ukoo huo, Henry Percy, alikuwepo Bosworth na askari wake, wakasimama tu wakitazama.

Sehemu ya tatu, The Archbishop, ndiyo bora. Kila tajiri akikaribia kufa, Kanisa na mfalme wanagombania ardhi yake, na maaskofu wakuu wa Canterbury wanauawa mmoja baada ya mwingine. Edmund anapewa kiti hicho. Ugomvi huo ulikuwepo kweli: sheria ya mwaka 1279 ilikataza ardhi kupewa Kanisa bila ruhusa ya mfalme, kwa kuwa ikishaingia huko haitoki. Baldrick anaingia kwenye biashara ya masalia matakatifu. Percy anapojisifu kwamba amenunua kidole cha Bwana Yesu, Baldrick anamfahamisha kwamba kwa kawaida huuzwa kwa maboksi ya vidole kumi.

Sehemu ya mwinda wachawi, anayechezwa na Frank Finlay, ndiyo inayopotosha. Sheria ya kwanza ya Bunge la Uingereza dhidi ya uchawi ni ya 1542, na waliohukumiwa kwa kosa hilo huko kwa kawaida walinyongwa. Kufungwa kwenye nguzo na kuchomwa moto, kama kipindi kinavyoonyesha, ni desturi ya kwingineko Ulaya.

"Ben Elton aliandika yote"

Aliingia msimu wa pili, mwaka 1986, akichukua nafasi ya Atkinson kwenye uandishi.

"Msimu ule ulianguka"

The Archbishop ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka huohuo wa 1983.

"Mwisho wa huzuni ulianza kwenye vita vya mahandaki"

Wengi humkumbuka Blackadder wa msimu wa nne, wa 1989, askari wa mwaka 1917 akiruka nje ya handaki na wenzake kwenda kufa. Lakini tazama sehemu ya sita ya 1983. Edmund amekusanya wahalifu sita wabaya kuliko wote nchini ili apindue serikali, wanamsaliti, anakatwakatwa viungo. Percy na Baldrick wanatia sumu kwenye mvinyo kuwaua maadui zake. Jamaa wote wa mfalme wanakunywa mvinyo huohuo na kufa. Edmund, amelala hoi, ndiye mfalme sasa, kile alichokililia tangu Bosworth. Anaonja kidogo mvinyo ule.