Kengele Iliyookoa Ilikuwa ya Ulingoni, Si ya Kaburini

Dar es Salaam utasikia ikisimuliwa kwamba msemo wa Kiingereza wa kuokolewa na kengele ulizaliwa makaburini: mtu kazikwa hai, kavuta kamba, kengele ikalia, akafukuliwa. Si kweli. Majeneza ya namna hiyo yalibuniwa kweli. Franz Vester alipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya jeneza lake nchini Marekani mwaka 1868, na lilikuwa hata na ngazi. Lakini msemo ni wa ndondi. Bondia kaangushwa, mwamuzi anahesabu, kengele ya kumaliza raundi inalia kabla ya 10: kapona. Shabiki wa ngumi wa Manzese angeuelewa papo hapo, na inasikitisha kwamba hadithi ya kaburi inasambaa zaidi kwa sababu tu inatisha. Siku hizi kanuni nyingi za ngumi za kulipwa humwacha mwamuzi aendelee kuhesabu hata kengele ikilia.