The Birthday Party: besi haikulewa

Mtu akiisifia The Birthday Party, bendi ya roki ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, aghalabu hakutajii wimbo. Atakusimulia mwimbaji wao Nick Cave alivyojirusha katikati ya watu, na nani alimpiga nani teke. Ukimuuliza gitaa lilikuwa likifanya nini wakati huo, ananyamaza. Hizi hapa ni kauli ninazozisikia mara kwa mara kuhusu bendi hii, nami nazijibu moja moja.

“Walikuwa walevi tu waliopanda jukwaani wakapiga chochote kilichowajia.” Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Ulevi ulikuwepo, heroini pia, wala sina haja ya kuwasafisha. Lakini keti usikilize besi ya Tracy Pew, yule aliyependa kuvaa kofia ya wachunga ng'ombe na fulana ya wavu. Anapiga kitu kizito, cha kurudiarudia, na hayumbi hata pale gitaa la Rowland S. Howard linapopiga mayowe na Cave anapobweka. Wapenzi wa dansi wanalijua hili tangu zamani: besi na drams vikishika, solo anaweza kuzurura atakako na bado akarudi nyumbani. Nakiri kwamba mara ya kwanza niliusikia wimbo wao “King Ink” nikauzima kabla haujafika nusu. Nilikuwa nasikiliza mayowe. Siku nilipoifuata besi, wimbo ule ule ulikaa sawa.

Halafu kuna Mick Harvey, mtu wa ala nyingi na kichwa kilichotulia. Mwaka 1982 walipoachana na mpiga drams wao Phill Calvert, Harvey aliliweka gitaa chini akaenda kukaa kwenye drams mwenyewe. Wakabaki wanne, wakarekodi The Bad Seed, santuri fupi iliyotoka 1983 na ambayo kwangu ndiyo kazi yao kali kuliko zote. Wahuni wasiojua walifanyalo hawawezi mageuzi ya namna hiyo. Mapema mwaka huo huo wa 1982 Pew alikuwa amefungwa jela kwao Australia kwa makosa ya wizi na kuendesha gari akiwa amelewa. Ilibidi watu kadhaa wapokezane besi yake, mmoja wao Barry Adamson, aliyepiga pia katika wimbo mmoja wa albamu ya Junkyard.

“Vurugu za maonyesho yao zilitungwa na waandishi.” Hapana, hapa wanaozipinga hadithi za vurugu nao wanazidisha. Magazeti ya muziki ya Uingereza yaliwapachika sifa ya bendi yenye vurugu kuliko zote, na Cave kweli aligombana na watu waliosimama mbele ya jukwaa. Bendi yenyewe iliichochea sifa hiyo. Sehemu yao katika santuri ya jukwaani ya 1982, Drunk on the Pope's Blood, ilinadiwa kama dakika 16 za jahanamu tupu. Shida ilikuja baadaye. Sifa ilipokwisha kusambaa, wapo waliokata tiketi wakitafuta ugomvi, si muziki. Onyesho likageuka deni: usipotoa vurugu, umewapunja wateja. Ngoma ikivuma sana haidumu, na hii chini ya jina hili ilidumu miaka mitatu tu.

“Ni Waingereza.” Ni Waaustralia. Cave, Harvey na Calvert walikutana Caulfield Grammar, shule ya kulipia ya Melbourne, na bendi yao ikaitwa kwanza The Boys Next Door. Waliingia London mwaka 1980, ndipo jina likabadilika. Na huyo Cave wa mayowe aliimba utotoni katika kwaya ya kanisa kuu la Kianglikana huko Wangaratta.

“Ndio baba wa gothiki,” yaani roki ya giza na huzuni. Chanzo cha dai hili ni “Release the Bats” ya 1981, wimbo wa popo na kuumana. Wenyewe waliutunga kwa dhihaka, wakiwacheka haohao mashabiki wa gothiki, wa nguo nyeusi na makaburi, nao wakaupokea kama wimbo wa taifa. Wala haikuwa mara ya kwanza mzaha wao kuchukuliwa kama kweli. Howard aliandika “Shivers” akiwa na miaka 16, akiwabeza vijana wanaotia chumvi machungu ya mapenzi. Cave akauimba kwa huzuni ya dhati kabisa kwenye albamu ya 1979, na hadi leo watu wanaulilia. Wasiolipenda kundi hili husema halikuwa na ucheshi. Mimi naona lilikuwa na ucheshi mkavu mno, ukapita bila kuonekana.

“Bluzi aliijua Cave baada ya bendi kuvunjika.” Sikiliza “She's Hit”: mwendo wa pole, besi inayojikokota, mauaji yanayosimuliwa kama habari ya mtaani. Sikiliza “Swampland”, mtu anakimbizwa kwenye vinamasi. Ni bluzi ya watu ambao Kusini mwa Marekani waliifahamu kwa santuri na vitabu, na unaweza kuwalaumu kwa hilo ukitaka. Lakini uzi haukukatika. Mwaka 1985, akiwa na bendi yake iliyofuata, The Bad Seeds, Cave alitoa “Tupelo”, wimbo uliochota kwa mwanabluzi Mmarekani John Lee Hooker.

“Cave aliwaacha wenzake ili awe nyota.” Aliyesema basi ni Harvey. Cave na Howard walikuwa wamekwisha kuvutana, kila mmoja akitaka nyimbo za namna yake, na Cave hakuwa tena na hamu ya kuimba maneno ya mwenzake. Ziara ya mwisho ya Australia, mwaka 1983, Harvey hakwenda. Wakatafuta mtu wa kumshikia drams, wakapiga onyesho la mwisho Melbourne mwezi Juni. Pew alifariki mwaka 1986 kwa kifafa, akiwa na miaka 28, na Howard akafuata mwishoni mwa 2009 kwa saratani ya ini.

Kwa anayeanza, asianze na video za mateke. Aweke “Deep in the Woods”, apunguze sauti ya juu ya redio, aongeze besi.