Mzimu ni nini kwa mtu wa Unguja na Pemba

Mtajie kijana wa Dar es Salaam neno mzimu, naye atawaza kitu cheupe kinachopenya ukutani saa nane za usiku, kama alivyoona kwenye filamu. Mtajie mzee wa Makunduchi au wa Pujini, atakuuliza: "Upi?" Kwake yeye mzimu una jina, una njia ya kuufikia, na yuko mtu wa kuulizwa kabla hujatia mguu. Ni pango, au mbuyu, au gofu la mawe, au jabali la pwani. Mzimu, Visiwani, kwanza ni pahali. Anayekaa hapo ni suala jingine, na majina yake ni mengi.

Neno lenyewe ni la Kibantu, na ni kongwe. Waganda wanasema omuzimu, Wanyarwanda umuzimu, Washona mudzimu, wote wakikusudia roho ya mtu aliyekufa. Watswana wamelipandisha cheo kabisa, kwao Modimo ndiye Mungu. Katika Kiswahili shina hilo limetawanyika: lipo kwenye kuzimu wanakokwenda wafu, lipo kwenye zimwi la hadithi za bibi, na lipo kwenye wazimu, kana kwamba akili ikipotea basi kuna kilichoiingilia. Bara, mizimu imebaki kuwa wahenga wanaotambikiwa. Visiwani neno limehama kutoka kwa aliyekufa likakaa juu ya mahali, na mabadiliko haya madogo ndiyo yanayomchanganya mgeni.

Ukiufika mzimu unaohudumiwa, huna haja ya kuambiwa. Utaona vitambaa vimefungwa kwenye matawi au vimechomekwa kwenye nyufa za jiwe, vyekundu, vyeupe na vyeusi. Utaona chetezo chenye majivu, chupa ya marashi iliyokwisha, maganda ya mayai, pengine sarafu. Mtu huja na haja yake: mtoto hapatikani, mgonjwa haponi, mvua imegoma, dema la kutegea samaki linatoka tupu. Anafukiza ubani, anasema shida yake kwa sauti ya kawaida kama anayezungumza na jirani, kisha anaweka nadhiri. Haja ikitimia, lazima arudi kuitoa. Ukiwasikiliza watu, visa vingi vya kutisha si vya waliokwenda mzimuni, ni vya waliopata walichotaka wakasahau kurudi.

Kusini mwa Unguja mizimu ina watu wake wa kurithi, wavyale. Mvyale ndiye anayejua mahali hapo pana nani na anapenda nini, na ndiye anayetangulia mbele kuomba ruhusa. Wavyale haohao wana kazi yao kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa kienyeji inayofanyika Makunduchi kila Julai, kibanda cha makuti kinapochomwa moto na wanaume wakachapana kwa migomba. Jambiani kuna pango la Kuumbi, ambalo wanaakiolojia wamelichimba kutafuta mabaki ya watu wa kale, na ambalo wanakijiji wanalijua kwa ubani wake. Pango ni lilelile.

Magofu ni sura nyingine. Dunga, katikati ya Unguja, ilikuwa na jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, lililojengwa karne ya 19. Husimuliwa kwamba damu ya watumwa ilichanganywa na chokaa ili kuta zishike, na kwamba ngoma takatifu zilizohifadhiwa pale zikilia zenyewe balaa linapokaribia. Pemba, kule Pujini, kuna boma la Mkama Ndume, la karne ya 15. Jina lake linamtaja kama mkamuaji wa wanaume, na masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa matako. Pana kisima kilichogawanywa kwa ukuta, ati ili wake zake wawili wasikutane wanapoteka maji. (Hapo mimi naona hofu ya mume zaidi ya nguvu ya mfalme.) Pana pia chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa, baragumu la watawala, ukutani. Unaona namna mambo yanavyofanana: mahali palipokuwa na ukatili hapaachwi hivihivi, panapewa mwenyewe.

Huyo mwenyewe ni nani? Wengine watasema jini, wengine shetani, wengine pepo, na wengi hawataji kabisa, watasema tu "wenyewe". Tofauti si ya kamusi. Jini ametajwa katika Kurani, sura ya 72 inaitwa kwa jina lake, kwa hiyo Mwislamu hana shida ya kukubali kuwa yupo. Mashehe wanachopinga ni kumwendea na mayai na kumwomba. Hiyo, wanasema, ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Pepo ni yule anayepanda kichwani, na aliyepandwa huitwa kiti, maana amekaliwa. Wapo pepo wa kabila la kibuki, wanaonasibishwa na Bukini (Madagaska) na Ngazija (Komoro), ambao wakipanda hutaka brandi, hata kama kiti ni mama wa swala tano. Mzuka ni kitu kinachokutokea ghafla njiani. Kizuka kinafanana nao, ila neno hilohilo humtaja pia mjane aliyekaa eda, aliyefichwa asionekane na watu.

Kwa hiyo mahali penye mzimu hapaogopwi namna moja na nyumba yenye vivuli ya wenzetu wa Ulaya. Kule mzuka ni mkazi asiyetakiwa, na shughuli ni kumtoa. Huku wewe ndiye mgeni. Unapiga hodi, hukojoi ovyo, hukati mti, husemi maneno machafu, unaondoka. Ndiyo sababu vichaka vingi vya mizimu vimebaki na miti mikubwa wakati pembeni yake pamefyekwa. Kenya, misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imesalimika kwa adabu ya aina hiyohiyo.

Na hapa ndipo Popobawa anapoeleweka. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, hofu ilianza Pemba ikavuka Unguja hadi Dar es Salaam: kitu kinaingia ndani usiku, kinakandamiza mtu kitandani, kinamwingilia, mwanamume kwa mwanamke, kisha kinamwamuru aende akatangaze. Kilirudi tena miaka iliyofuata. Wapo waliosema ni siasa, wapo waliosema ni jinamizi la usingizini. Lakini kwa mtu aliyelelewa na mizimu, ubaya wa Popobawa ulikuwa mwingine kabisa. Hakuwa na pango wala mbuyu. Hakuwa na mvyale wa kuulizwa, wala nadhiri ya kumtuliza. Basi watu wakatoa mikeka nje, wakawasha moto, wakalala uani kwa makundi, wakipokezana zamu ya kukaa macho mpaka alfajiri.