Si kweli kwamba mlinzi wa mbele asiyeangusha makwotabeki wengi ni hasara

Drafti ya futiboli ya Kimarekani, yaani timu kuchagua wachezaji vijana kwa zamu, ikikaribia, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: timu isimchague kijana wa safu ya mbele ya ulinzi kama hajaangusha makwotabeki wengi, yaani wachezaji wanaorusha mpira, kabla hawajaurusha. Si kweli.

Kwotabeki hukingwa na wenzake 5 wa mstari wa mbele. Wapinzani wanaomvamia kwa kawaida ni 4. Kijana mwenye nguvu akiwalazimisha wawili wamkabili yeye, wenzake 3 wanabaki kila mmoja na mtu wake. Mmoja wao akimwangusha kwotabeki, takwimu huandikwa kwa jina la huyo. Ndipo watu wanapochanganyikiwa: takwimu hiyo, inayohesabiwa rasmi tangu 1982, ni rahisi kuisoma, lakini aliyefungua njia hayumo.

Ukitaka kuhakiki, tazama video ya mechi nzima, usiufuate mpira, mfuate yeye tu. Anakabwa na wangapi? Kwotabeki analazimika kurusha kwa haraka mara ngapi? Hapo utamwona mchezaji ambaye mimi ningemchagua bila kusita.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Mwombe aliyeutuma aitazame mechi kwanza.