Siasa ya kazini ina jina lake, na majungu yana lake

Juzi, tukitoka kwenye kikao cha idara na kuteremka kuelekea kituo cha daladala pale Mlimani, mwenzangu alimtaja mhadhiri mwenzetu aliyepata uprofesa mshiriki. Akasema, "Dokta, yule ni siasa tu, hana kingine." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno mwaka huu, na kila mara neno siasa limesimama mahali pa neno majungu. Tunalionea.

Ustadi wa kisiasa kazini ni uwezo wa kuwasoma watu unaofanya nao kazi, na kuutumia ufahamu huo kuwashawishi. Mwaka 2005 mtafiti Gerald Ferris wa Marekani na wenzake walichapisha kipimo chake chenye maswali 18, kinachoangalia mambo manne: kuwasoma watu, kushawishi, kujenga mtandao, na kuonekana mkweli. Fasili ndiyo hiyo.

Tuliangalie neno lenyewe. Siasa tumeipata kwenye Kiarabu, na huko mzizi wake unahusu kutunza na kuongoza, farasi wakiwemo. Ndugu yake tunaye humu humu: saisi, yaani mtunza farasi. Saisi anamjua mnyama wake, anajua anaogopa nini, na humkaribia taratibu kwa sababu anayemwendea farasi kwa kishindo hupigwa teke. Kiswahili kikaubeba upole huo. Mzee wa pwani akikuambia "kamwambie kwa siasa" hakutumi kampeni. Anataka ukaseme kwa utaratibu, bila kumvunja mtu moyo. Maana ya vyama na kura ndiyo imetawala leo, lakini ile ya upole haijafa. Kwa hiyo tukiyaita majungu siasa, tunamvua mtu mpole jina lake na kumvisha mfitini.

Jungu ni chungu kikubwa, na ndiyo maana majungu hupikwa: wapishi wachache, mlango umefungwa, anayepikiwa hayupo. Chawa, yaani mtu anayejikomba kwa wakubwa, naye ni kiumbe kingine. Yeye humganda Rasi wa Ndaki, yaani mkuu anayesimamia idara kadhaa za chuo, akiwa madarakani, na humhama siku muda wake ukiisha. Mpika majungu na chawa wote wanaanguka kwenye lile jambo la nne la kipimo, ambalo wengi hulisoma vibaya. Kuonekana mkweli hakumaanishi kuigiza ukweli. Maana yake ni kwamba wanaokutazama kila siku wanaamini huna ajenda ya siri, na walimu wa chuo hukaa pamoja idara moja miaka 20 au 30. Ajenda ya siri haifichiki muda wote huo.

Hapo ndipo sifa ya mtu inapojengeka. Neno hili nalo tunalichanganya. Kwenye tangazo la kazi, "sifa za mwombaji" ni shahada na machapisho. Mtaani, "anapenda sifa" ni tuhuma. Sifa ninayoisema hapa ni ile inayobaki mezani jina lako likitajwa nawe umetoka nje. Siasa haikuandikii makala, na mtathmini wa nje anayesoma machapisho yako huenda hajawahi kukuona. Ila kuna mambo hayamo kwenye machapisho: nani atakuita kwenye mradi wake, nani atakubali msimamie pamoja mwanafunzi wa uzamivu, nani atakusomea rasimu Ijumaa jioni. Wasomi tunapenda kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeona chema kikilala kwenye droo miaka, kwa sababu mwenyewe aligombana na kila ambaye angekisoma.

Huyo dada aliyesemwa, mimi nilimwona kazini. Walimu wawili wa idara yetu walikuwa hawasalimiani, na mtaala mpya umekwama katikati yao. Alimwendea kila mmoja ofisini kwake, akamsikiliza hadi akamaliza, na hakulibeba la huyu kwenda kwa yule. Mtaala ukapita.

Tulipofika kituoni nikamwambia mwenzangu, "Dokta, kama alimpikia mtu majungu tuseme majungu, kama alijikomba tuseme alijikomba. Lakini lile alilofanya kwenye mtaala ndilo siasa."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza saisi linaandikwaje.