Kuibiwa utambulisho: kutoka disketi ya 1995 hadi laini ya simu

Kuibiwa utambulisho ni pale taasisi inayokujua kwa kumbukumbu tu, iwe benki, kampuni ya simu au mkopeshaji wa mtandaoni, inapomkubali mtu mwingine kuwa ndiye wewe. Si lazima kadi yako ipotee. Inaweza kuwa kwenye pochi muda wote, umekaa zako kijiweni Magomeni, huku mtu aliyewahi kupata kopi yake anafungua kitu kwa jina lako.

Wengi hapa Dar wanachanganya jambo hili na utapeli wa kawaida. Ukipokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukatuma, umepigwa, umeingizwa mjini, lakini utambulisho wako haujaibiwa. Aliyetuma ni wewe, kwa simu yako na namba yako ya siri. Tofauti hiyo utaiona ukifika kaunta. Kwenye utapeli unaulizwa kwa nini ulituma. Kwenye wizi wa utambulisho unatakiwa uthibitishe kwamba hukufanya jambo ambalo kompyuta inaonyesha umelifanya, na hiyo ni kazi ngumu kuliko ya kwanza mara nyingi.

Ndiyo sababu The Net, filamu ya Marekani ya mwaka 1995, bado inafaa kutazamwa tena ingawa vifaa vyake vimeshakuwa vya makumbusho. Sandra Bullock anacheza kama Angela Bennett, mtaalamu wa programu za kompyuta anayefanyia kazi nyumbani kwake California. (Kuna mahali anaagiza piza kwa intaneti, mwaka ule lilikuwa jambo la kushangaza.) Anatumiwa disketi yenye siri ya genge moja, anakwenda mapumzikoni Meksiko, anaporwa mkoba, na akitaka kurudi kwao anakuta kumbukumbu zinamwita Ruth Marx. Anasaini karatasi kwa jina hilo ili tu asafiri. Akifika, nyumba yake ni tupu na inauzwa, majirani hawamtambui, na kazini kuna mwanamke mwingine anayejiita Angela Bennett.

Hapo kuna mambo mawili, na filamu inayaonyesha yote. Moja ni kuandikwa upya: kumbukumbu zake zimechezewa awe mtu mwingine, tena mwenye kesi polisi. La pili ni nafasi yake kukaliwa na mwingine. Genge linayaweza yote mawili kwa kuwa ofisi nyingi zimenunua programu moja ya ulinzi, Gatekeeper, yenye mlango wa siri ambao wenye kuujua ni wao. Kitaalamu hilo ndilo wazo zito kuliko yote kwenye filamu: ulinzi ukiwa mmoja kwa wote, tundu lake nalo ni la wote. Kilichotiwa chumvi ni wepesi wa kazi. Mtu hagongi vitufe viwili vitatu rekodi za polisi, hospitali na nyumba zikageuka kwa pamoja. Kuandikwa upya ni nadra. Kinachotokea mitaani kwetu ni kukaliwa, na hakihitaji mjuzi wa kompyuta. Kinahitaji laini yako.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Tangu hapo laini imefungwa kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na namba ya NIDA imefungwa kwenye kidole. Upande wa pili, laini hiyo hiyo ndiyo pochi ya pesa, ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki, ndiyo WhatsApp, ndiyo njia ya kurudishia nywila ya barua pepe. Ni mnyororo, na mwizi haanzi kwenye pingili ya kwanza. Anatafuta iliyolegea.

Tuanze na namba ya NIDA yenyewe. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka. Aliyezaliwa 12 Machi 1984, namba yake inaanza na 19840312. Sasa hesabu watu unaowajua ambao namba yao ya siri ya pesa ni mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa ni tarakimu nne na haisahauliki. Namba hiyo ya siri wameiacha kila steshenari waliyotoa kopi. Kama na wewe umo, acha kusoma kidogo, ingia kwenye menyu uibadilishe, kisha urudi.

Steshenari nazo zina mambo yake. Kopi iliyotoka hafifu au imepinda hutupwa kwenye boksi chini ya mashine, na karatasi za boksi hilo safari yake inaweza kuishia kufungia karanga. Iombe kopi mbovu, uichane mwenyewe. Ukimtumia mwenye duka picha ya kitambulisho kwa WhatsApp ili aichapishe, picha inabaki kwenye kompyuta yake, kwenye faili la vitu vilivyopakuliwa. Mwambie aifute mbele yako, na pia kule inakokwenda baada ya kufutwa. Kopi unayoiacha kwa dalali au mwenye nyumba ichore mistari miwili ya mshazari, katikati uandike kazi yake na tarehe: "kwa mkataba wa pango Sinza tu". Maandishi yapite juu ya ukingo wa picha, yasifunike namba. Kopi ya namna hiyo ni ngumu kutumika kwingine.

Pingili inayofuata ni kidole. Wakala wa chini ya mwamvuli anakuambia, "Haijasoma, weka tena." Mara nyingi ni kweli: vidole vya fundi ujenzi, vya mama anayefua, vya muuza samaki wa Feri huwa vimelika, na mashine inakataa. Ndiyo maana hila hii haishtukiwi. Wakala mwenye nia mbaya alishapata usajili kwa kidole cha kwanza. Cha pili anakisajilia laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo inauzwa kwa mtu asiyetaka kujulikana. Baadaye ikitumika kutapelia watu, anayetafutwa ni wewe. Kwa hiyo kabla hujaondoka pale piga *106#, ufuate maelekezo, uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Hakuna anayeweza kukukatalia kusimama dakika mbili zaidi. Usiyoitambua, nenda nayo kwenye duka la kampuni husika wakaifute. Fanya hivyo hata kama hujasajili kitu karibuni, maana laini ya namna hiyo haikupigii simu kukuambia ipo.

Halafu kuna kurudishiwa laini, ambako vijana wanasema "kuswapu". Namba yako haikai ndani ya kadi. Kadi ina utambulisho wake, na mtandao una orodha inayosema namba fulani kwa sasa iko kwenye kadi fulani. Mtu akifanikiwa kujifanya wewe, au akishirikiana na aliye ndani, mstari huo mmoja wa orodha unabadilishwa. Kadi iliyomo kwenye simu yako inakuwa plastiki tu. Hakuna kirusi wala programu iliyoingia kwenye simu, ndiyo maana simu ya bei mbaya haikukingi kuliko kitochi. Dalili yake ni moja: mtandao unakatika ghafla, wakati aliye jirani yako kwa kampuni ile ile anaongea vizuri. Zima na kuwasha, hamishia kadi kwenye simu nyingine. Ikigoma kote, chukulia umeshavamiwa mpaka uthibitishiwe vinginevyo. Kosa la watu ni kusema "mtandao wa leo mbovu" na kwenda kulala.

Kuna njia fupi zaidi, nayo ni kuchukua kadi yenyewe. Simu inachomolewa mfukoni kwenye msongamano wa mwendokasi Gerezani. Imefungwa kwa alama ya kidole, mwenyewe unajiona uko salama. Lakini kadi inatolewa na kuwekwa kwenye kitochi, na kuanzia hapo ujumbe wote wa uthibitisho unaingia kwa mwizi. Anabonyeza "nimesahau nywila" kwenye akaunti moja baada ya nyingine, akingojea namba zije.

Dawa yake ipo na haitumiwi: namba ya siri ya kadi yenyewe, ambayo si ile ya pesa wala ya kufungulia simu. Iko kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya kufunga kadi ya laini. Ukiiwasha unaulizwa namba iliyokuja na kadi, mara nyingi 0000 au 1234, kisha unaweka yako. Tangu hapo kadi ikihamishiwa simu nyingine, au simu ikizimwa na kuwashwa, haifanyi kazi bila namba hiyo. Angalizo: ukikosea mara tatu inadai namba ya PUK yenye tarakimu nane, iliyochapishwa kwenye kile kipande kikubwa ulichobandulia laini. Ukikosea PUK mara kumi kadi inakufa moja kwa moja. Kwa hiyo usibahatishe namba ya kuanzia. Kama huijui, uliza dukani kwanza. Kwa maoni yetu hakuna dakika tatu unazoweza kuzitumia vizuri zaidi kwenye simu yako.

Njia ya mwisho inapita kwa mdomo. Mtu anajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, anakuelekeza ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli (#). Hiyo ni amri ya kuhamishia simu zako zote kwenye namba aliyokutajia. Kisha anaomba WhatsApp yako kwenye simu yake, anachagua kusomewa tarakimu sita kwa kupigiwa, na simu inaita kwake. Kuangalia kama umehamishwa piga *#21#. Kufuta kila uhamishaji piga ##002#. Kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mwenye zile tarakimu sita akwame. Kampuni za simu huwapigia wateja kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida na kutaka ubonyeze chochote, kata simu. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Ikishatokea, mpangilio una maana yake. Kwanza azima simu, piga 100, taka laini na akaunti ya pesa visimamishwe vyote viwili, maana kusimamisha kimoja si lazima kusimamishe kingine. Pili pigia benki. Tatu badilisha nywila ya barua pepe ukitumia kompyuta au simu nyingine, kwa kuwa barua pepe ndiyo inayofungua zilizobaki. Hapo ndipo uende polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, na duka la kampuni ukaweke kidole urudishiwe namba. Wengi wanaanzia polisi, wanakaa foleni saa mbili, na katika saa hizo mbili pesa inatoka.

Kisheria, kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taasisi ina taarifa gani zako na kutaka zenye makosa zirekebishwe. Hii ya pili haitajwi sana, lakini ndiyo inayokusaidia ukidaiwa mkopo usiouchukua.

Tukirudi kwa Angela: kilichommaliza si disketi. Aliishi peke yake, kazini walimjua kwa simu, na mama yake alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Hakukuwa na mtu wa kusimama akasema "huyu ndiye". Mkazi wa Mbagala au Tandale ana mjumbe, ana mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ana ile barua ya utambulisho yenye picha iliyogongewa muhuri nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi. Watu wanaiona usumbufu. Lakini ni ushahidi ambao hautoki kwenye kompyuta inayobishaniwa. Unatoka kwa mtu anayekujua kwa sura. Iambatanishe kila unapolalamika.

Na malalamiko yawe ya maandishi. Usiandike tu "sihusiki na mkopo huu". Taka tarehe na saa ulipochukuliwa, namba ya simu iliyotumika, na wakala aliyeisajili namba hiyo, kwani kila usajili unabaki na kumbukumbu ya aliyeufanya. Ukiwa na saa, unaweza kuonyesha ulikuwa wapi: daftari la mahudhurio kazini, risiti, tiketi ya basi la mkoa. Peleka nakala mbili, moja waibakize, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na jina la aliyeipokea liandikwe kwa kirefu.